Nilimwambia Do ni Do

Salamu kwenu wasomaji. Mhariri ameahidi kulificha jina langu, na majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mjane wa miaka sabini na nne, mzaliwa wa Mombasa. Nimekaa Nakuru tangu reli ilipomhamishia marehemu mume wangu huku, lakini lugha yangu haijahama. Wajukuu hunicheka nikisema "mato" badala ya "macho".

Kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu, nikiwa na miaka kumi na minane, nilimsaidia mwalimu wa piano, mama wa Kigoa tuliyemwita Dona. Alifundishia ghorofani kwake, mtaa wa Ndia Kuu. Unyevu wa bahari uliifurisha piano yake, basi tuliiwekea taa ya mafuta chini mchana kutwa ili vibao visinate. Taa ile niliiwasha mimi. Mto mwekundu wa kukalia nao ulikuwa wangu, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyenishinda. Mpaka akaja Tabitha.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, binti wa karani wa bandari ya Kilindini, watu wa bara. Wimbo aliusikia mara moja, akaupiga. Siku ya tatu Dona alinigeukia: "Nipe mto huo, binti. Mtoto hafikii."

Mwanafunzi mmoja akasema, "Mto umehama, Dada. Na wewe wahama lini?" Wakacheka wote. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Kisha yakatangazwa mashindano. Mshindi angesomeshwa bure hadi awe mwalimu wa muziki. Mimi umri ulikuwa umenipita. Nafasi niliyoiombea tangu utotoni ilikuwa inamwendea mtoto aliyekalia mto wangu.

Naomba mnielewe hapa, maana dhambi yangu imo humu. Dona alijifunza kwa Kireno. Kwake do, sauti ya kwanza ya do-re-mi, ni kibao kimoja, hakiondoki mahali pake. Waingereza wa misheni, ambao Bibi mmoja wao ndiye angekuwa mwamuzi, do yao huhama: wimbo ukianzia juu, do nayo hupanda. Mimi nililelewa misheni, nikazijua njia zote mbili. Dona akaniambia, "Mambo ya Waingereza wayajua wewe. Waelekeze watoto." Wawili niliwaelekeza vizuri. Tabitha nilimwacha nyuma, leo, kesho, mpaka siku zikaisha.

Alasiri ya mwisho alinijia mwenyewe. "Dada, wenzangu wanasema do ya yule Bibi inahama. Ni kweli?"

Nilikuwa nimeinama natengeneza utambi wa taa. Sikuinua uso. "Do ni do," nikamwambia. "Usiwasikilize."

Kesho yake alipiga wimbo wake hata watu wakaacha kujipepea. Likaja jaribio la mwisho. Bibi aliandika ubaoni herufi ya ufunguo, yaani kibao ambacho do ingeanzia, na chini yake do, mi, so. Tabitha akapiga ya Dona. "Siyo hiyo," Bibi akasema. Mtoto akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa aendelee vilevile. Akarudia. Akarudia tena. Bibi akafunga kitabu chake: "Huyu hana sikio. Anakariri tu."

Tangu siku ile Dona hakumwita tena kwenye piano. Mimi ndiye niliyempangusa Tabitha machozi, kwa leso yangu, nikamsindikiza hadi kwao. Mto ukarudi kwangu. Nikaukalia.

Juzi, baada ya miaka yote hiyo, nimepata barua ya Tabitha. Anasema hakugusa kinanda tena, hata kanisani huimba kwa kunong'ona asiwaharibie wenzake. Sasa mjukuu wake, ambaye walimu wanamsifu, anataka kuingia mashindano ya piano shuleni, naye amemkataza. "Kwetu hatuna sikio, Dada. Wewe ulikuwapo, uliona. Mwandikie umweleze kwa upole, maana wewe ndiye pekee uliyenihurumia."

Nitasema kweli, kwa kuwa hamnijui. Niliposoma kwamba mjukuu wake anapiga vizuri, kabla ya aibu kunijia, moyo ulinichoma palepale pa zamani. Wangu mimi, wote sita, hakuna anayejua hata do iko wapi.

Mashindano ni mwisho wa mwezi huu. Nimeandika barua mara tatu nikaichana. Nikikiri, nampoteza mtu wa mwisho duniani anayeniita Dada. Nikinyamaza, mtoto nisiyemjua atakaa maisha yake akiimba kwa kunong'ona. Dona ameshakufa, sina wa kumuuliza. Nawauliza ninyi: barua hii niianze kwa neno gani?