Chai Alilima, Hakuionja

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kupima presha kule Nyamache. Meza ya pili alikaa mtafiti wa ugonjwa wa Huntington, ule wa kurithi unaoharibu ubongo na kumfanya mtu ayumbe. Alikuwa akimhoji mama mmoja ambaye mumewe ameshapimwa damu na kukutwa nao, huku akichora ukoo wao kwenye karatasi.

"Na baba mkwe wako, naye aliyumba?"

Mama akaweka kiganja juu ya karatasi. "Aliyumba mpaka kanisa likamfuta ushirika. Walisema ni chang'aa."

"Alikuwa anakunywa?"

"Daktari, yule alikuwa Msabato kabisa. Hata chai alilima tu, hakuionja."

Mtafiti akakipaka kisanduku cha mzee rangi nyeusi, alama ya mgonjwa. "Basi ulikuwa ugonjwa huu huu, mama. Si pombe."

Mama akamsogezea karatasi. "Nitolee kopi. Sabato hii naipeleka kanisani."

Sisi watu wa huku tunamtambua mlevi kutoka mbali, hata asiyekunywa. Mimi ni Mkatoliki, lakini Sabato hii nitaketi benchi la mbele.