Ulimi Aliobaki Nao Kishore

Kiharusi hakikumwibia Mzee Kishore akili. Kilimvurugia njia ya maneno. Miaka yote aliuza vifaa vya ujenzi pale Mabatini, na sasa akitaka kusema bawaba, mdomo unatoa komeo. Akitikisa kichwa kukataa, kinakuja kitasa. Majirani wa neno wanaitika wote, mwenyewe hatoki. Hata Kigujarati cha mama yake kilikuja vipande vipande.

"Mzee wangu, maneno hayajafutika," alimwambia Winnie, binti aliyekuja kumfanyisha mazoezi ya kuongea. "Yapo yote. Ubongo unayatafuta kwa njia iliyoziba. Tujaribu nyingine."

Aliyefurahia msiba huo ni Kushal, mtoto wa marehemu mdogo wake, ambaye Kishore alimlea na kumfundisha kazi. Alianza kwa kumsemea wateja wakiuliza. Mwisho akatangaza kwamba baba mkubwa amekubali duka liuzwe. Kishore akapambana na ulimi: "Ha... ha... kufuli!" Kushal akacheka mbele ya wateja. Kicheko kile mzee hakukisamehe. Alilala nacho, akaamka nacho, akaapa moyoni kwamba kijana huyu cha mtema kuni atakiona.

Njia nyingine ilijifungua asubuhi moja barazani. Mama muuza maziwa alimsalimia kwa Kisukuma, na Kishore akaitikia. Akaitikia yote, ya ng'ombe na ya mvua, bila kukwama. Lugha hiyo aliipata mgongoni kwa yaya, akakua nayo kaunta kwa wateja wa Magu na Misungwi, na ugonjwa haukuifikia. Mama wa watu alibaki ameduwaa na kopo mkononi. Kishore akaweka kidole mdomoni: asimwambie mtu.

Kushal hakujua hata neno moja la Kisukuma. Alikiita lugha ya porini. Basi mzee akanyamaza kabisa, hata komeo na kitasa akaviacha, akawa anaongea na muuza maziwa tu. Alimwacha kijana ajitape, atafute mnunuzi, aalike mashahidi. Aibu ya watu wawili isingemtosha. Aliitaka ya kadamnasi.

Mnunuzi alikuwa Shimba, tajiri wa ng'ombe wa Buswelu, akaja na wazee wake. Kushal akawamiminia chai.

"Mzee hana maneno tena," akawaambia, "lakini ameridhia. Mtamwona mwenyewe anaitikia kwa kichwa."

Kishore akainuka na fimbo yake. Akamsalimia Shimba kwa Kisukuma, akamuulizia ukoo, akamtaja na baba yake, aliyenunua bati zake za kwanza hapo hapo. Kisha akasema polepole, akilionja kila neno: duka haliuzwi, na huyu aliyewaita anauza mdomo wa mtu aliye hai.

Shimba akaweka kikombe chini.

"Amesema nini?" Kushal akauliza. "Jamani, amesema nini?"

Hakuna aliyemtafsiria. Kishore alimtazama anavyohangaika kutafuta jibu kwenye kila uso, akaona raha ambayo hakuionja tangu augue. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Na kijana huyu ni nani wako?" Shimba akauliza kwa Kisukuma.

Kishore akataka kumtaja kwa jina, akalitafuta. Likaja la marehemu mdogo wake. Likaja la kibarua aliyewahi kumwibia misumari. Lenyewe lilikuwa karibu kabisa, alilihisi kwenye ncha ya ulimi. Akaacha kulitafuta.