Kwaya Ndani ya Diski Zetu

Siwezi kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta ufunguo, na nikiupata nasahau nilikuwa naenda wapi. Nimekuwa hivi tangu mama afanyiwe upasuaji wa koo. Alipona, tunashukuru, lakini sauti ilibaki ya kunong'ona, na mtu aliyekuwa akiongoza soprano kanisani Lanet sasa hunipigia makofi akitaka niende chumbani. Sauti yake ya zamani nilijua ilibaki mahali pamoja tu: ndani ya diski tulizouza mimi na kaka yangu.

Tulikuwa na kampuni, jameni, si mchezo. Tulianzia chumba cha ghorofani mjini Nakuru, tukitumia mlango mmoja na fundi wa cherehani. Tulinunua laptopu zilizokufa maofisini, tukachomoa diski zilizokuwa bado nzima, tukazitia kwenye makasha mapya na kubandika stika yetu ya flamingo. Wapiga picha wa harusi walizinunua kama mandazi moto, wahifadhie kazi zao. Tukaongeza chumba, tukaajiri, kaka akaanza kuvaa tai.

Kabla ya kuuza, kila diski ilibidi ijazwe pomoni na isomwe yote, ndipo tujue kama ni nzima. Kitu kizito tulichokuwa nacho cha kujazia ni video ya kwaya ya mama, tamasha zima bila kukatwa. Tukishapima, tunafuta. Kazi ya kufuta ilikuwa ya kaka, na huyo akiwa na mpira kwa simu husahau hata jina lake. Basi kuna mzigo ulitoka na kwaya ndani. Nikangoja matusi. Badala yake watu wakaja kuuliza, "Boss, bado mko na zile za kuimba?"

Halafu simu zikaanza kubeba kila kitu, picha zikahamia mtandaoni, na wapiga picha wakaacha kupanda ngazi zetu. Tukafunga. Kaka akauza kompyuta zote, ile yenye video ikiwemo, bila kuniuliza. Siku hizi anauza matangi ya maji. Nilipompigia nikiwa nimewaka, aliniambia, "Sista, tulia. Mimi bado niko kwa biashara ya kuhifadhi." Angekuwa karibu ningemchapa.

Kanisani hawakuwa na nakala. Wapiga picha niliowafikia walisema waliifuta siku ile ile, nami nikawakasirikia bure, maskini, ilhali diski ni zao. Mmoja ndiye aliyemkumbuka mama mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, huko Rongai, mteja wake ambaye alinunua diski kwake na kukataa katakata ifutwe.

Nilifika hajafungua. Nikatembea mbele ya duka mpaka mlinzi wa jirani akaniuliza kama nimepoteza ng'ombe. Mwenye duka alipokuja nilimweleza haraka haraka, na akili yake ikakimbilia kubaya.

"Kwani kampuni inataka zirudishwe?" akauliza. "Hii siitoi, madam. Huyu anayeongoza ndiye hunisaidia kupanga haya magunia asubuhi."

"Huyo ni mamangu," nikasema, nikaanza kulia kama mjinga katikati ya dawa za kupe.

Akanivutia kiti. Akaniachia diski ninakili hapo hapo kaunta, huku akihudumia wateja na kunitupia jicho nisije nikatoroka nayo.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Mama alikuwa mezani akichambua mchele. Niliweka laptopu mbele yake, nikabonyeza, nikabaki nimesimama. Kwaya ilipoanza aliacha mchele. Zamu yake ilipofika alifungua mdomo pamoja na ile sauti, kisha akaufunga. Mkono wake ukapanda kooni. Mungu wangu, nilitaka afurahi. Hicho tu ndicho nilichotaka.

"Zima," akanong'ona.

Nikazima. Akarudi kwenye mchele, akawa anachambua upande aliokwisha kuchambua. Nikaanza kusema pole, nilidhani, sikujua, akagonga meza ninyamaze. Nikafunga laptopu na kuikumbatia, nikijichukia, nikiwaza jinsi ya kuifuta bila yeye kuona.

"Kesho uiwashe tena," akasema, na ilibidi niiname ndipo nimsikie. "Lakini nikiwa jikoni. Na usikuje kuniangalia."