Dakika Tatu za Mheshimiwa

Mimi ndiye niliyeanza kumwita Mheshimiwa, na nilianza kwa kumkejeli. Wiki yangu ya kwanza ya kumhudumia bibi huyu nyumbani kwake, alinitandikisha kitanda mara tatu. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, nikiona wakubwa wakishuka kwenye magari na kutuamuru tupange mstari, basi nikamjibu kwa Kiswahili, "Sawa, Mheshimiwa." Akataka kujua nimemtukana nini. Nilipomweleza kwamba tulikotoka diwani huitwa hivyo, akatabasamu, na tangu siku ile ukimwita kwa jina lake haitiki.

Maana diwani alikuwa kweli. Miaka mingi nyuma alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia baraza la kamji kake, kamji kadogo kalikobanana na jiji la Columbus mpaka hujui umevuka mpaka saa ngapi. Picha iko sebuleni: wanaume kadhaa wenye tai, na yeye katikati na kofia yake. Siku ya kwanza barazani walimwomba awaletee kahawa. Akawaletea, kaitia chumvi. Hakuombwa tena.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa taa ya kuvukia watu, kwenye barabara pana inayopita mbele ya nyumba yake. Unabonyeza kitufe, magari yanasimama, unavuka. Ng'ambo ndiko kanisa lake liliko, na ndiko ninakoshukia basi kila asubuhi. Jumapili alivuka kwa miguu yake mwenyewe, akisukuma kigari chake cha kutembelea, na ole wako umshike mkono. Binti yake, anayekaa Westerville, alikuwa ameshasema wazi kwamba siku Mama akishindwa kuvuka mwenyewe, anamhamishia kwake. Mheshimiwa aliiogopa Westerville kama mimi ninavyoogopa kurudishwa kambini. Na mimi je, ningekwenda wapi? Louisville, kule mtaa wa Beechmont nilikokaa kabla ya hapa, niliondoka kwa kuchoka kupakia maboksi ghalani, na mgongo wangu haujasahau.

Basi ikaja barua. Baraza linataka kupunguza muda wa ile taa, eti magari yanachelewa. Mheshimiwa akaisoma mara mbili, akaikunja, akaniagiza nimletee viatu vyake vyekundu. Siku mbili baadaye akaniarifu kwamba ameniandikisha na mimi nikazungumze. Nikasema mimi sizungumzi. Akasema jina limeshafika. Nikampigia dada yangu aliye Buffalo, naye akanigombeza: sisi wageni, siasa za watu tunazifuatia nini? Hapo ndipo nilipoamua kwenda, kwa sababu dada yangu akinikataza kitu ndipo ninapokitaka.

Utaratibu wa baraza ni dakika tatu kwa kila msemaji. Zinahesabiwa tangu jina lako linapotajwa, na kengele ikilia kipaza sauti kinazimwa. Utaratibu huo aliutunga yeye mwenyewe enzi zake, ili kumnyamazisha mzee mmoja aliyekuja kila mkutano kulalamikia mbwa wa jirani.

Tulipofika nikataka kumkalisha mbele. Akakataa. Alitaka safu ya mwisho, ukutani kabisa. Nikamwambia atapata tabu kufika kwenye kipaza sauti, akaniambia nishughulike na yangu. Nikakasirika, nikakaa.

Niliitwa mimi kwanza. Maneno nilikuwa nimeyaandaa vizuri, lakini kambini tulifundishwa adabu. Mtu hasimami mbele ya wakubwa akaanza tu kubwabwaja shida zake. Nikamshukuru Mungu aliyetuamsha salama. Nikamshukuru mwenyekiti. Nikawashukuru madiwani mmoja mmoja, nikiwasoma kwenye vibao vyao, na majina mengine yalinipa kazi. Nikamshukuru karani, na mlinzi aliyetufungulia mlango. Nikawafikishia salamu za kwaya yetu, za akina mama wa kanisa, na za dada yangu wa Buffalo, ambaye hakuwatumia chochote. Nikavuta pumzi, nikasema sasa nije kwenye taa. Kengele ikalia.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilirudi kitini nikamkuta Mheshimiwa anacheka mpaka mabega yanatikisika, na nasema kweli, wakati ule nilimchukia.

Kisha akaitwa yeye. Saa ya ukutani ikaanza kuhesabu. Akainuka, akashika kigari, akaanza kutembea. Hatua moja, akapumzika. Hatua nyingine. Mwanamke huyu asubuhi ile alikuwa amenitangulia jikoni kukiwahi kipande cha mwisho cha keki! Nikajua anacheza. Mwenyekiti akataka kuinuka amsaidie, Mheshimiwa akamrudisha kwa kidole. Watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama. Lakini alipokaribia katikati ya ukumbi niliona jasho linamtiririka shingoni, na huo haukuwa mchezo tena.

Kengele ikamkuta hapo hapo, mbali na kipaza sauti. Akasimama. Akawatazama madiwani wote, mmoja mmoja, kama nilivyofanya mimi.

"Hapa ndipo gari linaponikuta," akasema.

Akageuka, akaanza safari ya kurudi, na hakuna aliyethubutu kuita jina linalofuata mpaka alipokaa. Pendekezo likatupwa siku ile ile. Dada yangu alipiga kuuliza nimewaambia nini watu wa baraza hata wakabadili mawazo. Nikamjibu kwamba niliwasalimia.

Jumapili tukaenda kanisani. Nilitembea nyuma yake, mikono mfukoni, kama anavyotaka. Katikati ya barabara akasimama, magari yamejipanga pande zote mbili, akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa upya. Nikamwambia, Mheshimiwa, twende. Akaniambia muda bado upo.