Bwana Harusi Hatoki Jasho

Kitindamimba wangu anasomea uhandisi wa vifaa vya tiba. Shahada ya juu kabisa, ile ambayo ukiipata watu wanakuita daktari na bado huruhusiwi kumpa mtu hata dawa ya kichwa. Ameisomea mpaka wenzake aliocheza nao utotoni wanapeleka watoto shule. Mimi sikusoma. Macho ninayo, na nilichokiona huko chuoni ndicho ninachokisema.

Mtaani walimchosha. Jirani wa mlango wa pili, mama mwenye mguu unaovimba, alimvizia kwenye ngazi.

"Daktari, hebu niangalizie huu mguu."

"Shangazi, mimi si daktari wa watu. Natengeneza vifaa."

"Sasa miaka yote hiyo unasomea udaktari wa nini? Wa mbuzi?"

"Wa mbuzi angalau anamgusa mbuzi," nikasema mimi.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanangu hakucheka.

Mama yake alipopooza, alilazwa. Wodi imejaa, wauguzi wachache, hakuna aliyejua nani ageuzwe saa ngapi. Mgongo wake ukafunguka vidonda. Vidonda ndivyo vilivyommaliza, si kule kupooza. Sisemi zaidi.

Baada ya mazishi mwanangu alirudi chuoni akaanza kutengeneza godoro. Ndani lina nyaya. Mwili ukikandamizwa mahali pamoja muda mrefu, linapiga kengele, muuguzi anakuja kumgeuza mgonjwa. Basi. Kitu cha kueleweka hata na mimi. Kitabu alichotakiwa kuandika juu yake, wanachokiita tasnifu, ndicho kisichoeleweka.

Siku moja alisahau funguo, nikampelekea maabara. Godoro lilikuwa juu ya kitanda cha hospitali, na juu yake amelala mdoli wa plastiki, uzito wa mtu mzima. Wanafunzi walimfunga tai, wanamwita Bwana Harusi. Profesa, msimamizi wa mwanangu, alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu mzee wangu. Huyu ndiye mgonjwa wetu. Godoro la binti yako halijamkosea hata mara moja."

"Anajikojolea?"

"Nani, mzee?"

"Mgonjwa wako."

Profesa alicheka vile mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akaenda zake kupokea simu.

Mwanangu alinifungulia kabati la ukutani. Mna mkono wa bandia wenye vidole vinavyokunjika. Mna pampu ya dawa. Mna kidude cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Vyote vina vumbi.

"Mgonjwa wa hiki yuko wapi?" nikauliza.

"Hakijawahi kumwona mgonjwa, Baba. Aliyekitengeneza alishapata udaktari wake, akaondoka."

"Na hiki?"

"Hivyo hivyo."

Ndio utaratibu wao. Chombo kikishampa mtu cheo, kazi yake imekwisha, kinaingia kabatini. Wenye cheo wanapiga picha na majoho. Nimeona vibanda vya kuku vilivyojengwa kwa akili zaidi, maana mjenzi alimfikiria kuku.

Mwanangu akaomba ruhusa ya hospitali, akapeleka godoro wodini. Wakamlaza dereva wa lori aliyevunjika nyonga, jitu la watu, linatoka jasho kama bomba bovu. Jasho likaingia kwenye nyaya. Kengele ikalia asubuhi nzima, bila sababu. Jioni dereva akalalia upande mmoja mpaka ukawa mwekundu, godoro kimya.

"Binti," dereva akamwambia, "nimeendesha malori maisha yangu yote. Sijawahi kulalia honi."

Mwanangu alinisimulia hayo mezani, na jibu la Profesa pia.

"Eti tatizo si godoro, Baba. Tatizo ni wagonjwa. Kule maabara godoro linafanya kazi vizuri."

"Kasema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Profesa alimpa njia mbili. Aandike matokeo ya Bwana Harusi peke yake, wodi asiitaje, na mahafali yajayo aitwe daktari. Au aandike habari za dereva, ajitetee mwenyewe mbele ya jopo la watahini, yeye Profesa hamo.

"Andika ya mdoli," nikamwambia. "Chukua hicho cheo uondoke. Watu wenyewe ndio hao."

"Na godoro?"

"Litaingia kabatini na wenzake."

"Wewe unataka liingie kabatini?"

Niliinuka nikaosha vyombo, na vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku ya kujitetea, shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuja na suti mpya na maua makubwa kuliko kichwa chake. Mtaa mzima alishautangazia. Tulikaa viti vya nyuma. Profesa alikunja mikono kama mtu aliyekuja kushuhudia ajali.

Mwanangu alionyesha picha ya Bwana Harusi na matokeo yake mazuri. Kisha akaonyesha ya dereva, na jinsi godoro lilivyoshindwa. Hakuficha kitu.

Kwenye jopo kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani, naye profesa, katoka chuo kingine.

"Matokeo ya maabara yalikuwa yamekamilika," akasema. "Wodini ulifuata nini?"

"Ndiko wanakolala wagonjwa, Profesa."

Tukatolewa nje ili waamue. Profesa wetu alinikuta kwenye korido.

"Mzee, binti yako mkaidi sana."

"Karithi."

"Kwako?"

"Kwa marehemu. Mimi nilimwambia akusikilize."

Mlango ukafunguliwa. Mwanangu akatoka anatabasamu, tabasamu nililolisahau. Shemeji akaruka na maua.

"Daktari! Daktari wetu huyo!"

"Bado, mjomba. Wamenirudisha."

"Wamekurudisha wapi?"

"Wodini. Mwaka mzima. Godoro nilirekebishe likiwa chini ya watu. Yule mama wa miwani ndiye atakayenisimamia."

"Kwa hiyo umefeli."

"Kwa leo, ndiyo."

"Na unacheka!" Shemeji akanigeukia, jasho linamtoka kwenye kola mpya. "Shemeji, sema na mwanao! Mimi nitawaambia nini watu?"

"Waambie ana wagonjwa."

"Wagonjwa! Watu wamengoja daktari!"

"Basi jirani mwenye mguu aendelee kungoja."

Mwanangu alikwishatangulia maabara. Tulimkuta amemshusha mdoli chini na kulichomoa godoro kwenye umeme. Hakuna aliyetuzuia, karatasi ya jopo alikuwa nayo mkononi. Nilishika upande wa miguu, yeye upande wa kichwani, tukaelekea wodini. Godoro zito lile, nyaya si mchezo. Shemeji alinung'unika ngazi zote, lakini alitangulia, anatufungulia milango kwa mgongo, maua kayabana kwapani.