Hatukai, Tunapita Tu

Zuhura, akili yangu inakataa mpaka sasa. Hitima imesomwa, majamvi yamekunjwa, watu wamerudi makwao, na mimi bado natega sikio nisikie dirisha langu likigongwa.

Kwa msiomjua: Zuhura alikuwa mwenzangu kazini. Yeye masjala, mimi uhasibu, korido moja. Alilazwa kwa homa, tukaambiana keshokutwa atakuwa ofisini. Hakurudi.

Nimechoka, ndugu zangu. Naandika nimejilaza, macho yamevimba, na sina hata hamu ya kupanga maneno.

Wengi humu mnanijua kwa zile selfi za asubuhi na raba, mnaniita "dada wa fitness". Ukweli ni kwamba mimi na mazoezi tulikuwa hatuivi. Daktari aliponiambia nina sukari na inabidi nitembee kila siku, nilipokea kama mtu aliyesomewa hukumu.

Nikanunua raba. Nikatoka peke yangu siku chache, nimekunja uso, natazama saa kila nikifika kwenye nguzo ya umeme. Halafu raba zikaingia chini ya kitanda na mimi nikawa nasingizia deadline.

Zuhura ndiye aliyezitoa. Alikuja baada ya sala ya alfajiri, akagonga dirisha. "Shoga, amka. Mtu wa Miono unaogopa kutembea? Kwenu kisima kilikuwa sebuleni?"

Asubuhi hiyo ya kwanza tulitoka Magomeni, hii yetu ya Bagamoyo, si ya Dar, tukashika njia ya Kaole. Tumevaa mabaibui, kanga mabegani, tunakaza mwendo, kimya kabisa kwa sababu mimi nilikuwa nimenuna. Bi Tatu, jirani yangu anayekaanga vitumbua barazani kwake, akatuona tunapita. Akaepua kikaango, akajitanda kanga, akatufuata. Mama wa nyumba ya pili akamuona Bi Tatu, naye akafuata. Kisha mwingine.

Tunageuka, tumeshakuwa msafara. Bi Tatu anahema. "Wanangu, nani katutoka? Msiba uko wapi?"

Kwetu pwani wanawake wawili wakitoka alfajiri na kanga zao, wanakwenda haraka na hawasemezani, huulizi mara mbili. Unajitanda, unafuata, jina la marehemu utalijua mbele ya safari.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Hakuna msiba, bibi. Tunafanya mazoezi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mazoezi? Mnatembea na hamwendi kwa mtu?"

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini pale pale barabarani, baibui lote vumbi. Alipopata pumzi akaniambia, "Bibi kasema kweli. Wewe unatembea kama mtoto aliyetumwa dukani na mama wa kambo. Kuanzia kesho tunakwenda kwa mtu."

Ikawa hivyo. Kesho yake tulikwenda kwa mwalimu mstaafu aliyevunjika nyonga. Siku iliyofuata kwa jirani aliyejifungua. Jumamosi ilikuwa zamu ya mama yake Zuhura kule Kaole, ndiyo njia yetu ndefu. Tunapiga hodi uani, tunauliza hali, na mwenyeji akianza tu kutandika mkeka Zuhura anamuwahi: "Hatukai, tunapita tu." Tunashika njia tena.

Sasa nyumba gani ya huku utaingia kumjulia mtu hali uondoke mkono mtupu? Zuhura alikuwa na jibu lake. "Mwenzangu ana sukari. Lakini lete tu na cha kwake, nitamlia mimi." Anakwenda huku anatafuna vitumbua viwili, mimi namtazama kwa jicho baya.

Sijui ni lini hasa niliacha kutazama saa. Njia ilikuwa ile ile, na magoti yangu yalilalamika vile vile. Ila nilikuwa nikiwaza mwalimu kaamkaje, mtoto kapewa jina gani. Siku moja mvua ikatuzuia kutoka, nikakuta nimenuna kutwa nzima ofisini, nikajishangaa. Daktari alifurahia vipimo vyangu. Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba ile ni dawa.

Asubuhi dada yake Zuhura aliponipigia kunipa habari, nilijitanda kanga nikatoka, hata kufunga mlango sikumbuki. Bi Tatu alikuwa barazani na vitumbua vyake. Safari hii hakuepua kikaango. Alitabasamu, akasema, "Leo peke yako? Mwenzio kakukimbia?"

Nilisimama. Akanitazama usoni. Akaepua kikaango.

Pale msibani kuna mtu alinisogelea akaniuliza, "Lakini si alikuwa mtu wa mazoezi yule?" Kama vile tuliuziwa kitu kibovu. Siku ikifika imefika. Zuhura alitembea akafurahi na akatufurahisha, na hilo halijafutika.

Wanaume walipokubeba kwenda makaburini, sisi tulibaki uani kama ilivyo desturi. Ndiyo njia pekee ambayo sikuitembea na wewe, shoga yangu, na imeniuma sana.

Raba zimerudi chini ya kitanda. Leo niliamka saa zetu, nikasikiliza dirisha, nikajifunika tena shuka. Naogopa. Naogopa nitarudi kuwa yule wa nguzo za umeme, kisha niache kabisa, na sukari haijaenda popote, inanisubiri.

Lakini mama yako yuko Kaole, na nyumba imeshakuwa kimya. Kesho baada ya sala nakwenda kumjulia hali. Kwa miguu. Nitapiga hodi uani, nitamwambia sikai, napita tu. Akitandika mkeka, nitakaa. Akileta vitumbua, nitakula cha kwako.

Wewe lala salama, Zuhura. Dirisha nitajigongea mwenyewe.