Ukuta wa Mikono Juu ya Debe

Kwetu Busisi debe la pilipili haliishii ukingoni. Mtu wa mjini akiona ndoo imejaa husema imejaa, yamekwisha. Kwetu hapo ndipo kazi inapoanza. Mnunuzi huja na mtu wake, mara nyingi mwanamke, ambaye hupiga magoti mbele ya ndoo na kuuzungushia ukingo mikono, vidole vikikutana upande wa pili, kifua kikiziba upande wake. Huo tunauita ukuta. Mkulima anaendelea kumwaga, pilipili zinapanda ndani ya ukuta mpaka zimfikie yule mwanamke kidevuni. Hapo mnunuzi anasema, "Haya, debe moja." Mikono ikiondolewa, kile kichwa chote cha juu ya ukingo kinaporomokea kwenye turubai la mnunuzi, na hakuna anayeuliza.

Niliuliza nikiwa binti, nikaambiwa ndivyo inavyopimwa. Jibu hilo limenikera maisha yangu yote. Shuleni walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba, nami nikawa najisemea kuwa aliyeutunga msemo huo hakuwahi kuuza pilipili Busisi, maana hapa ungejaza haba zako mpaka uzeeke na kibaba bado kingekungoja.

Mama yangu hakuwahi kuuzia matajiri. Tajiri ndilo jina la mnunuzi wa jumla, hata kama soli za viatu vyake zimekwisha. Mama aliuzia foleni ya pantoni. Alikuwa na sado, ile ndoo ndogo iliyowahi kuwa ya rangi ya nyumba, ukingo wake umepasuka na kushonwa kwa waya. Alinunua pilipili kwa wanawake wenzake wenye mashamba, sado kwa sado, akaziuza vilevile kwa abiria waliokuwa wakingoja kuvuka ziwa. Pilipili hakuzisindilia. Alizimwaga zijilalie zenyewe, akasawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza konzi moja ya nyongeza, na ile konzi ndiyo iliyowafanya watu wa Geita na Sengerema wamtafute yeye tu. Basi likiingia kwenye foleni alikuwa akisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na alikuwa anamaanisha kila neno.

Halafu daraja likafunguliwa. Sitalisema vibaya daraja. Wagonjwa waliokuwa wakikata roho wakiitazama pantoni ikielea upande wa pili sasa wanafika hospitali, na mimi mwenyewe, ninayepika katika shule moja huko Ilemela, navuka kwenda kumwona mama kabla sijamaliza kumenya chungwa. Siku lilipofunguliwa mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wiki iliyofuata alikwenda na sado lake mahali pake pa siku zote, akakaa. Pantoni haikuja na foleni haikuja. Alihamia barabarani, lakini magari yakishaona daraja yanaongeza mwendo, kila dereva anataka kuonja lami mpya. Nyanya alizojaribu kuongezea zikamwozea, pilipili zikajikunja. Nilipompigia simu kuuliza biashara, alinijibu, "Nipo." Mtu ukimuuliza biashara akakujibu nipo, usimuulize tena.

Shamba hakuwa nalo. Kashamba ketu kalikuwa chini kabisa ufukweni, na ziwa lilipojaa miaka ile lilikachukua, halijakarudisha mpaka leo.

Yule tajiri anayechukua pilipili za pale alikuwa na mwanamke wake wa kuweka ukuta, mwanamke huyo akajifungua, akaacha kazi. Tajiri akaanza kutazama mikono ya watu. Mama ni mrefu, na mikono yake ni mirefu kuliko urefu wake. Tulipokuwa wadogo tulimtania kwamba anaweza kujikuna goti bila kuinama. "Mayu," tajiri akamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "hebu nyoosha mkono nione." Akaunyoosha. Alinisimulia hayo baadaye huku akicheka, lakini sikuiona furaha yoyote katika kicheko kile.

Mimi sikusimuliwa kwanza, nilikuta. Nilifika Jumamosi moja nikamwona mama yangu amepiga magoti kwenye vumbi, kidevu juu ya pilipili, na jirani yetu, mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, anamwaga gunia lake ndani ya mikono ile huku macho ameyatupa ziwani. Ndoo yenyewe si ndoo ya haki. Ni ya plastiki, iliwahi kupashwa moto ikatuna tumboni, na kila mtu anaona kwamba imetuna.

Jioni nikashindwa kunyamaza. "Mama, wewe?"

"Mimi. Ulitaka nani?"

"Hao ni wenzako."

"Wenzangu ndiyo. Foleni ilipokufa, wenzangu walibaki na mashamba. Mimi nilibaki na sado." Akachochea moto. "Unanitumia, nashukuru, Mungu akuongeze. Lakini kula ya kutumiwa inanichosha, mwanangu. Na hapa mkono mtupu haulambwi."

Nilikuwa na hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda. Ningemwambia aache, halafu ale nini? Mshahara wangu wa kupika hauwezi kulisha watu wawili.

Sasa, mama ana mdogo wake wa kike, tumbo moja. Mama mdogo ni mjane, analima pilipili mbuzi kwenye mteremko wenye mawe, na maji huyapandisha kutoka ziwani kichwani. Msimu ule pilipili zilimkubali. Zilizaa mpaka miche ikalala. Nyumba yake ni ya nyasi na inavuja, na kwa muda mrefu alikuwa akitamani jambo moja tu, mabati. Pilipili alizipima nyumbani kwa ndoo yake mwenyewe, ya kusawazisha, zikatoka madebe sita, na sita yalitosha kununua mabati. Alilia kwa furaha, mimi nikiwa nimekaa naye pale uani. Nilimkumbusha kwamba ndoo ya tajiri si yake. Akasema, "Najua. Lakini si dada ndiye mwenye ukuta?"

Kwa mama hakwenda kuomba. Ndugu haombi kitu cha namna hiyo, hungoja kutendewa. Alichofanya ni kuja mwisho, wenzake wakishapima, ili dada yake apate nafasi ya kumshushia mikono bila macho ya watu. Ila wenzake hawakuondoka. Walikaa juu ya magunia yao matupu, kama watu waliokuja msibani mapema. Wao pia walikuwa na hesabu zao, na walitaka kuona.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mwaga."

Mama mdogo akamwaga. Mimi nilikitazama kiwiko cha mama. Kingeshuka vidole vinne tu, tajiri asingejua. Alikuwa ameinamia simu yake anachekea kitu. Wale wanawake ndio ambao hawakuwa na simu mkononi. Pilipili zikafika ukingoni, zikaanza kupanda ndani ya mikono, na mama akainua viwiko. Akaviinua kama alivyoviinua kwa wote. Zikapanda mpaka kidevuni, na moja ikamgusa mdomo, akageuza uso kidogo bila kulegeza vidole.

"Haya, debe moja," tajiri akasema bila kuinua macho.

La pili likapita hivyo hivyo, na la tatu. La nne halikufika kidevuni, magunia yakawa yameisha, na tajiri hanunui debe lisilojaa. Wanawake wakainuka, wakakung'uta vitenge vyao, wakaenda zao. Niliwachukia. Nilimchukia na tajiri, ambaye hakufanya lolote ila kucheka na simu. Mama nilimchukia zaidi ya wote, na wakati huohuo nilitaka kumwinua pale chini maana nilijua magoti yanamuuma.

Mama mdogo akazikusanya zile za debe la nne lililokataliwa, akafungia kwenye khanga yake, akanipa mimi. "Mpelekee mama yako, za mboga," akasema. Mama alikuwa amesimama hapo hapo, angeweza kumpa mkononi.

Usiku ule nilimpaka mama mafuta ya kula mikononi. Pilipili mbuzi zikikaa juu ya ngozi siku nzima zinaunguza, na maji hayasaidii, yanasambaza tu. Mikono ilikuwa imevimba na kuiva kuanzia viganja mpaka viwiko. Nilipofika kwenye kiwiko akasema mwenyewe, "Ningemshushia, wale wangejua kwamba ukuta hushuka. Wangeniuliza kwa nini kwao haukushuka. Na yeye angekaa nao vipi, angeteka nao maji vipi?" Nikaendelea kupaka.

Mvua zilipokuja, nyumba ya mama mdogo ilivuja kama kawaida yake, na mteremko ule ukaota majani. Hakupanda kitu. Sikumlaumu, ila kila nilipopita kuelekea kwa mama niligeuza shingo upande wa ziwa nisiuone. Miezi hiyo dada hawa wawili waliitikiana shikamoo na marahaba njiani, basi, hakuna kilichoongezwa juu yake.

Halafu asubuhi moja, nikiwa nimekuja likizo ya shule, mama mdogo akaingia uani. Nilidhani wamepatana, nikakimbilia kuweka chai. Akakaa kwenye kigoda, akasalimu, akaitikiwa, akalikunja pindo la kitenge chake na kulikunjua.

"Dada, nasikia tajiri wako anataka kuanza kununua na ng'ambo kule, Kigongo."

"Nasikia."

"Niombee kazi. Muulize kama anahitaji ukuta mwingine."

Mama akaweka chini ungo aliokuwa akichambulia mchele, akasimama, akamwambia mdogo wake asimame. Akamwambia anyooshe mikono. Naye akainyoosha ya kwake, akaiweka sambamba, bega kwa bega. Ya mama ina madoa meusi siku hizi, hayatoki. Vidole vya mama mdogo viliishia kwenye kifundo cha mkono wa mama.

"Haitafika, mdogo wangu. Ndoo yake ni pana."

"Nikijivuta?" mama mdogo akasema. Akajivuta mbele, bega likatoka kwenye blauzi, vidole vikasogea mbele kidogo.

Mama akavishika vile vidole, akavivuta kidogo, kwa upole, na kutazama vimefika wapi.